Kila Fani na Uchovu Wake

Wanangu mnaosoma sheria na siasa za kimataifa, au mnaotaka kuzisoma, au mliokwisha kutiwa hofu na mwalimu kwamba mwaka wa tatu lazima mchague fani moja ya kubobea: ketini kidogo. Mimi ni Salimu wa Msambweni, yule ambaye hapa mtaani huitwa Mzee Ulaya, na jina hilo silikatai kwa sababu nimelifanyia kazi. Nimestaafu. Ile nyumba ya ghorofa yenye baraza la vigae vya kijani niliijenga mimi kwa mshahara wangu, bila mkono wa mwanasiasa wala wa mzungu. Diploma yangu ya uhusiano wa kimataifa nimeitundika sebuleni, ukutani palipo na mwanga, na mgeni anayeingia huisoma kabla ya kuletewa maji. Watu husema diploma ni kidogo. Waacheni waseme. Niliipata kwa masomo ya jioni, kwa lugha ya watu, mchana nikiwa kazini, na diploma hiyo hiyo imewatoa mabaharia kizuizini katika bandari ambazo wengi wenye shahada hawajapata hata kuzisikia.

Nataka kuwaambia habari ya kuchagua. Kila mwaka vijana huja barazani kwangu kuuliza, "Mzee, nichukue fani gani?" Wengi huwajibu nikiwa namenya chungwa. Mwaka huu aliyekuja ni mpwa wangu Mejumaa, binti wa dada yangu Riziki, na chungwa nikaliweka chini. Kwetu Wadigo mjomba haulizwi maoni. Mjomba ana neno. Mambo mengi ya zamani yamelegea, lakini katika ukoo wetu hili limebaki: likitokea jambo la mtoto, liwe ndoa au safari au masomo, wakubwa hukaa, kila mmoja husema lake, kisha mjomba husema mwisho. Akishasema, hakuna anayeongeza, hata baba mzazi. Na kabla hajasema, jambo halijafungwa.

Basi fani ya Mejumaa ilikuwa mikononi mwangu. Nami nilikwisha kuichagua kabla hajamaliza kunipa shikamoo.

Lakini ngojeni kwanza niwaambie mimi nilivyochagua, au nilivyochaguliwa, maana hapo pana mafunzo.

Nilianza hotelini Galu, jikoni, nikikata vitunguu. Kutoka hapo nikaingia jikoni mwa meli ya watalii, nikazunguka nayo mpaka Rotterdam, kule Uholanzi, na huko nikashikwa na kidole tumbo. Meli ikanishusha hospitalini ikaenda zake. Nilipofumbua macho baada ya kupasuliwa, sikuwa na nguo, sikuwa na mtu, na pembeni ya kitanda ameketi mwanamke mnene mwenye miwani, akaniuliza kwa Kiingereza, "Bendera gani?"

Nikamwambia, "Kenya."

"Siulizii wewe. Naulizia meli."

Sikujua. Nilikuwa nimeishi ndani ya meli ile, nimepika ndani yake, nimeswali ndani yake, na sikupata hata siku moja kuinua macho kutazama bendera iliyokuwa nyuma. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaniambia kwamba meli ni ya sheria ya bendera yake, si ya sheria ya mwenyewe wala ya wapishi wake, na kwamba mtu asiyejua bendera ya chombo alichopanda hajui nani anadaiwa matibabu yake. Huyo ndiye Bi Esta, mzaliwa wa Suriname, aliyekuwa mkuu wa ofisi ndogo ya kuwasaidia mabaharia waliokwama. Nilipopona akanichukua nimtafsirie mabaharia wa pwani yetu. Kutoka kutafsiri nikawa karani, kutoka karani nikawa mshauri, na mpaka nastaafu nilikuwa na chumba changu, mlango una jina langu. Salimu mkata vitunguu. Sisemi zaidi.

Makosa? Yalikuwepo, na moja bado linanichekesha. Mara ya kwanza kutumwa peke yangu kwa balozi mdogo wa nchi fulani, nilikwenda kuwaombea wavuvi waliokuwa wamezuiliwa. Nilipewa robo saa. Mimi mtu wa Msambweni, nimelelewa, siwezi kuingia kwa mtu nikaanza na shida. Nikamsalimu. Nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za wazazi wake kama wako hai. Akashangaa, akajibu. Mama yake ana ugonjwa wa magoti. Nikamwambia wangu naye alikuwa hivyo hivyo, tukamkanda kwa mafuta ya nyonyo. Akataka kujua nyonyo ni nini. Nikamweleza mmea, jani lake, mbegu yake, namna ya kukamua. Mlango ukafunguka, katibu wake akasema muda umekwisha. Nikatoka nimeridhika kabisa, nimefika barabarani ndipo nikakumbuka wavuvi.

Bi Esta hakunigombeza. Alisema, "Salamu zako ni tamu, Salimu. Ila wale watu bado wamo kizuizini."

Tukaomba nafasi nyingine. Yule balozi mdogo alikubali, kwa sharti kwamba nije mimi. Kwa hiyo, wanangu, msiache salamu zenu mkienda kwa wakubwa wa dunia, ila zipimeni. Mimi nilijifunza kusalimu nikiwa natembea kutoka mlangoni hadi kitini, na nikikaa, niko kwenye shauri.

Siku hizo ukitaka kuijua meli unapeleka faksi, unangoja, unapiga simu kuuliza kama faksi imefika, wanakuambia karatasi zimekwisha. Leo Mejumaa anatafuta chombo kwa simu ya mkononi huku anakula mahamri, na jibu linakuja kabla hajameza. Nilimwonea wivu, sifichi. Lakini simu ile haiwezi kumwambia jambo moja, nalo ndilo aliloniambia Bi Esta nilipomaliza mwaka wa kwanza wa diploma, nikataka anichagulie fani.

"Usiniulize ipi ni nzuri," alisema. "Siku ya sherehe zote ni nzuri. Niulize kila moja inachosha vipi."

Akanizungusha katika kila dawati. Dawati la mikataba uchovu wake ni wa macho: unasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima kwa sababu neno moja likihama, mwaka mzima wa mishahara umehama nalo. Dawati la mishahara uchovu wake ni kuongopewa kwa adabu. Dawati la vyombo na mipaka ya bahari, ramani na bendera na tarehe za kusajiliwa, wenzangu walikuwa wakisinzia. Mimi nikaona saa zimekwenda na sijui zimekwendaje. Bi Esta akapita, akanitazama, akasema, "Haya, umepata uchovu wako." Ndiyo fani yangu mpaka leo.

Kulikuwa na dawati la nne, la wahamiaji. Aliyekaa pale ni Petro, Mkongo mmoja mrefu, mtu mwema kuliko sisi sote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Watu waliofika bila karatasi, walioletwa kwa ahadi ya kazi moja wakatiwa katika nyingine, walionyang'anywa pasipoti. Habari ni ile ile, sura ndizo zinazobadilika, na mara nyingi sheria haina la kuwapa. Mwaka wa kwanza Petro alikuwa haoni uchovu kabisa. Tukamsifu. Baadaye akawa hapokei simu ya ofisini, kisha hata ya mkewe. Siku moja tukamkuta amekaa kwenye ngazi, koti amevaa, hawezi kupanda wala kushuka. Bi Esta alimshika mkono akampeleka kwake mwenyewe. Hakurudi kazini. Nasikia sasa anaendesha basi la mjini, na anacheka tena, alhamdulillahi.

Sasa turudi kwa mpwa wangu.

Baba yake, shemeji yangu Bakari, ni mlinzi wa lango katika hoteli moja ya Diani. Yeye alitaka diplomasia, na alinieleza sababu yake bila kuzunguka.

"Shemeji, mimi nimefungua lango umri wangu wote. Gari za kila aina nimeziona. Ikija ile yenye kibendera mbele, hata meneja hutoka akafunga kifungo cha koti. Mle ndani sijapata kumwona mtu wa kwetu. Nataka nimfungulie lango mwanangu, basi. Mara moja tu inanitosha."

Ningemcheka, lakini nilimtazama macho yake nikaona hayachezi.

Dada yangu Riziki yeye alitaka biashara ya kimataifa. "Akae pale mpakani Lunga Lunga na mawakala wa mizigo," alisema, "jioni apande gari arudi, ale kwangu. Sitaki kusikia habari za mbali. Wewe kaka uliondoka ukaniambia utarudi baada ya Idi. Idi gani hiyo? Tumesherehekea ngapi hapa bila wewe?"

"Si nimerudi?"

"Umerudi na mvi."

Nami, kama nilivyosema, nilitaka bahari. Nani mwingine angekalia fani yangu? Pwani nzima hii, mpaka wa nchi mbili unapita majini mlangoni petu, na hakuna kijana wa hapa ninayemjua anayeweza kuusoma kwenye ramani. Nilijiona nikimkabidhi mwanamwali yule vitabu vyangu mbele ya watu.

Ila niliwahi kufundishwa vizuri, nikaona si haki nisimpitishe alikopitishwa mjomba wake. Nikamwambia, "Likizo hii utachoka kwa kila namna, kisha tutakaa na wakubwa."

Diplomasia nilimpa harusi. Msicheke. Binamu yetu alikuwa anaoza binti yake, na upande wa bwana harusi umetoka Tanga. Nikamkabidhi Mejumaa wageni: nani apokewe na nani, chifu akae wapi, mwakilishi wa wadi akae wapi ili asikae karibu na yule mkandarasi waliyegombana naye, wazee wa Tanga wapewe nafasi wasione wamedharauliwa, na wetu wasione wamepitwa. Hiyo ndiyo itifaki yenyewe. Mabalozi huifanya kwa suti. Aliifanya vizuri mno. Hakuna aliyenuna, na kwa harusi ya ukoo wetu hiyo ni ajabu. Watu wakaniambia, "Mzee Ulaya, huyu ni wewe mtupu." Nikakubali. Lakini jioni alikuja kwangu ameshika mashavu.

"Mjomba, yananiuma kwa kutabasamu. Halafu nilijua kila mtu amekaa wapi, sikujua hata mmoja ana nini moyoni."

Biashara nilimpeleka Lunga Lunga, kwa wakala mmoja ninayefahamiana naye. Akakaa naye kutwa kwenye benchi, malori yamepanga foleni, vijana wa boda boda wanapenya katikati na magunia ya vitunguu. Palikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Taru, amekwama kwa sababu ya cheti cha daktari wa mifugo, anafoka.

"Mbuzi wangu ni wazima kuliko huyo daktari!"

Mejumaa akacheka sana, akamsaidia kusoma masharti kwenye simu, na yule bwana akamwambia akitaka mume Taru wapo. Aliporudi nilimuuliza kumekuwaje.

"Kuzuri, mjomba. Ni kazi ya watu. Mbuzi tu ndio waliokuwa na mwenyewe. Mzigo mwingine wote nikiuliza ni wa nani, natajiwa kampuni."

Bahari je? Bahari nilimwekea barazani kwangu, upepo mzuri, ramani zangu nilizozihifadhi kwenye mirija, na shauri moja nililolisimamia mwenyewe nikalishinda. Nikaingia ndani kumtengenezea juisi ya ukwaju. Nilipotoka alikuwa amelala juu ya ramani, usingizi wa haki kabisa, mdomo wazi. Nikakaa nikainywa ile juisi mwenyewe. Nilijiambia joto ndilo lililomlaza.

La nne sikumpangia. Na Mungu shahidi wangu, lau ningejua ningemtuma dukani.

Bi Zainabu, jirani yangu, alikuja na binti yake Halima aliyerudi kutoka nchi za Ghuba, alikokuwa akifanya kazi za nyumbani. Mshahara wa miezi ya mwisho hakulipwa, pasipoti alishikiwa, karudi kwa hati ya dharura ya ubalozi. Kesi za namna hii mimi huziendea kwa mstari ulionyooka. Nikamuuliza Halima, "Mkataba mlitia saini wapi, huku au kule?"

Halima akasema, "Yule mtoto alikuwa ananiita mama."

"Naam. Mkataba sasa."

"Nilimkuta wa kutambaa. Nimemwacha anakimbia. Siku niliyotoka alishika gauni langu."

"Halima mwanangu, nataka kukusaidia. Mkataba."

Mejumaa alikuwa ameleta chai. Alitakiwa aweke birika aondoke. Akaweka birika akaketi kwenye mkeka, akasema polepole, "Mjomba, mwache amalize." Kisha akamgeukia Halima. "Anaitwa nani, huyo mtoto?"

Nikawaacha, kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu. Halima akataja jina la mtoto. Akaeleza alivyokuwa anamlaza. Akaeleza chumba walichokuwa wakilala wote wawili, mtoto na yeye, hakikuwa na dirisha. Akaeleza siku ya kwanza alivyofika, akatiwa karatasi nyingine mkononi, maandishi asiyoyajua, akaambiwa weka saini hapa ndipo utakapopewa kitanda. Huo ndio mkataba wa pili, niliokuwa nikiutafuta, na ulikuwa umelala chini ya yule mtoto. Nimekaa katika kazi hii maisha yangu, na jambo hili Petro alikuwa akituambia siku zote: watu hawasimulii kwa mpangilio wa sheria. Husimulia kwa mpangilio wa maumivu.

Walikaa pale tangu baada ya chakula cha mchana mpaka adhana ya magharibi. Mimi niliinuka mara kadhaa. Mejumaa hakuinuka. Habari ile aliisikia yote, akaomba sehemu nyingine zirudiwe, na wakati wa kuagana akasema, "Dada Halima, kesho nitakuja kwenu. Tutaandika pamoja, usiharakishe."

Nikamtazama uso kama alivyonitazama Bi Esta. Nilitafuta uchovu sikuuona. Na wanangu, badala ya kufurahi niliingiwa na baridi, maana uso ule niliwahi kuuona. Ulikuwa uso wa Petro, mwaka wake wa kwanza.

Kesho yake nilimweleza Mejumaa habari za Petro zote, mpaka ngazi, mpaka koti. Sikupunguza.

"Alikuwa akipumzika lini?" akaniuliza.

"Hakuwa akipumzika."

"Basi mimi nitapumzika."

"Husema hivyo wote."

"Mjomba, hebu niambie ukweli. Utanikataza?"

Ningeweza. Neno moja tu langu mbele ya wakubwa, na dawati lile lingefungwa kwake milele, wala asingenibishia, maana alilelewa hivyo. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikaitunga hotuba yangu: bahari, sheria yake, heshima yake, nafasi zake za kazi. Ilikuwa hotuba nzuri. Mimi hotuba zangu ni nzuri.

Tulikaa Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa Riziki. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha. Bakari akaanza, akasema diplomasia, akasema na lile la lango. Riziki akasema biashara, akasema na la Idi, akinitazama mimi. Mejumaa alikuwa ameketi karibu na mlango, kichwa ameinamisha, ushungi umemfunika nusu ya uso. Kisha wote wakanigeukia.

Nikamega samaki.

"Shemeji," akasema Bakari. "Neno."

"Samaki huyu mzuri sana, Riziki."

"Kaka, unaumwa?" akauliza dada yangu, maana hajapata kuniona nimepewa nafasi ya kusema nikaiacha.

Nikawa nafikiri. Siku mimi nilipomtaka Bi Esta anichagulie, alikataa. Lau angenichagulia, ile baridi ya mwaka wangu wa kwanza dawatini, theluji imeziba mlango, mimi na ramani zangu na mshahara wa karani, ningesema kosa ni lake, nikafunga mizigo. Sikufunga kwa sababu sikuwa na wa kumlaumu. Na Mejumaa naye siku yake itakuja, kwenye dawati lolote lile. Siku hiyo akisema "mjomba alitaka," hatakuwa na cha kushikilia. Nikimpa bahari yangu atasinzia umri mzima kwa adabu. Nikimpa la wahamiaji likaja kumvunja, nitakuwa nimemsukuma mimi. Neno langu lilikuwa zito mno kwa mtu ambaye atalibeba peke yake.

"Neno langu silitoi," nikasema.

Bakari akaweka tonge chini. "Una maana gani hulitoi? Mjomba asipotoa neno, nani afunge?"

"Basi halijafungwa."

"Mjomba gani wewe usiye na neno? Kila siku barazani unasema mpaka kuku wanalala, leo mtoto wako anakuhitaji unakula samaki!"

Hilo liliniuma, na lilikuwa haki yake kulisema. Nikameza, nikamwambia, "Shemeji, mwenye kuchoka ni yeye. Mwulizeni."

Haikupata kutokea katika ukoo wetu, mtoto kuulizwa mjomba akiwapo. Kisha Bakari, kwa hasira zaidi kuliko kwa kutaka kujua, akasema, "Haya, sema wewe."

Mejumaa akainua kichwa. "Baba, mama, nataka sheria ya wahamiaji. Watu kama Halima. Najua haina gari la kibendera. Mjomba ameniambia inavunja watu, na amenitajia aliyevunjika. Bado naitaka. Lakini bila radhi yenu sitaichagua. Nitakwenda mnakonipeleka, na nitafanya vizuri, ila mjue tu kwamba siko huko."

"Utarudi jioni?" akauliza Riziki. Hilo tu.

"Siku nyingine nitarudi, mama. Siku nyingine sijui. Sitaki kukuongopea."

Dada yangu akamtazama muda, kisha akamtazama Bakari. "Mimi nimempa radhi," akasema. "Huyu angalau haniambii baada ya Idi."

Bakari akanawa mikono bila kutoa radhi, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda zamu yake. Chuo kilikuwa kinataka jibu wiki iliyofuata, na Mejumaa hakuligusa. Alikuja kwangu kila asubuhi, akaenda kwa Halima, akarudi, akaosha vyombo vyangu bila kutumwa. Hakuniambia nimsemee kwa baba yake. Na mimi, niliyezungumza na mabalozi, sikuwa na la kumwambia mlinzi wa lango, kwa sababu alichokuwa akikitaka hakikuwa kibaya.

Jumapili asubuhi nilikuwa barazani, Mejumaa amekaa kwenye ngazi ananisomea habari kwenye simu. Nikamwona Bakari anaingia kwa miguu, bado na sare ya kazi, katoka zamu. Nyuma yake mwanamke wa makamo, leso mbili, viatu ameshika mkononi. Bakari akatoa salamu kwa ukamilifu, akaniuliza afya, akauliza na huu mguu wangu unaonisumbua. Kisha akamgeukia binti yake, hakumtazama sana.

"Huyu ni Mama Rukia. Tuko naye hotelini, yeye yuko dobi. Mdogo wake alikwenda huko huko alikokuwa Halima, na simu hashiki tangu mfungo." Akakohoa. "Nilikuwa nawaeleza wenzangu pale langoni mambo yetu ya nyumbani, unasoma nini. Akasikia. Akaniomba."

Mejumaa alikuwa amesimama. "Baba, mimi bado mwanafunzi. Sina ninaloweza kumfanyia."

"Najua. Nimemwambia hivyo hivyo njia nzima." Bakari akavua kofia. "Amesema afadhali. Walio na la kufanya amewaendea wote, hakuna aliyemkalisha. Wewe msikilize tu."

Mama Rukia alikuwa bado amesimama chini ya baraza, viatu mkononi, hajui aviweke wapi. Mejumaa akashuka akavipokea, akamshika mkono akampandisha, akamkalisha kwenye kiti cha wageni. Akatazama huku na huku pa kukaa yeye, wakabiliane.

Nikainuka, nikampisha kiti changu mpwa wangu.